Ua wa ndani, uwanja wa nje au paa? Mahali pa kuweka bustani ya uponyaji hospitalini

Kamati ya bustani ikikutana mara ya kwanza, mazungumzo hukimbilia maua: yapi yachanue mwaka mzima, rangi ipi itulize, chemchemi iwepo au isiwepo. Hayo yote yanaweza kubadilishwa mwaka wa pili bila hasara kubwa. Kisichobadilika ni mahali. Bustani iliyowekwa nyuma ya karakana, mbali na wodi zote, itabaki huko huko hata ipandwe nini, na mgonjwa aliyeshonwa juzi hatafika.

Hospitali nyingi zina machaguo matatu: ua uliozungukwa na majengo, uwanja wa nje, na paa bapa la jengo. Kila moja lina watu linaowafaa, na kila moja lina namna yake ya kuharibika. Hapa yanapimwa kwa vigezo vilevile, ili anayeamua ajue anapata nini na anaacha nini.

## Vigezo, kabla ya kuchora chochote

Kuona na kufika. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la kisayansi la Science ulinganisho wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, kati ya 1972 na 1981. Nusu yao madirisha yalitazama miti, nusu yalitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walikaa siku pungufu wodini baada ya upasuaji na walihitaji dozi chache za dawa kali za maumivu. Utafiti huo ulikuwa mdogo, na wengi hupenda kuutaja bila kuangalia ulipima nini: haukupima kutembea bustanini, ulipima dirisha. Kwa hiyo mtu mmoja wa kamati aende wodini, alale kwenye kitanda cha mgonjwa, aangalie nje. Kingo ya dirisha ikiwa juu ya sentimita 90 hivi, aliyelala chali anaona anga peke yake, na hapo mti mmoja mrefu una faida kuliko matuta kumi ya maua. Kisha zihesabiwe namba mbili: vitanda vingapi vinaona kijani, na wagonjwa wangapi wanaweza kufika kwa miguu, kwa kiti cha magurudumu, au kwa kusukumwa wakiwa kitandani.

Usalama. Maambukizi, kuanguka na kujidhuru. Spora za kuvu aina ya Aspergillus hukaa kwenye udongo, mboji na matandazo. Mwenye afya huzivuta kila siku bila madhara, lakini mgonjwa aliyepandikizwa uboho, au ambaye tibakemikali (dawa kali za kutibu saratani) imemshusha chembe nyeupe za damu, anaweza kupata maradhi ya mapafu yanayoua. Swali la kwanza kwa kila mahali ni hili: madirisha na viingilio vya hewa vya wodi ya wagonjwa hao viko wapi?

Ujenzi na maji. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Matuta yaliyo kwenye jua kali na hewa kavu hunywa lita 4 hadi 6 kwa mita ya mraba kwa siku, yaani mita 100 za mraba zitataka lita 500 hivi kila siku isiyo na mvua. Kama maji ya hospitali hukatika, namba hiyo ndiyo itakayoamua ukubwa wa bustani.

Jua, upepo, kelele na harufu. Kivuli si anasa. Dawa kama doxycycline na chlorpromazine hufanya ngozi iungue upesi juani, na wanaozitumia hawatajulikana kwa kuwatazama. Angalau nusu ya viti viwe kivulini saa za adhuhuri.

Matunzo. Nani atashika mpira wa maji, siku zipi, kwa bajeti ya idara gani. Kigezo hiki husahauliwa kuliko vyote, na ndicho kinachoua bustani nyingi: fedha za kujenga hutoka kwa mfadhili, za kupalilia hazina mwenyewe.

## Yasiyobadilika popote utakapoweka

Njia ya kiti kimoja cha magurudumu na mtu anayetembea kando yake inahitaji sentimita 150. Viti viwili kupishana, 180. Ikiwa wagonjwa watatolewa na vitanda vyao, kumbuka kitanda kina upana wa karibu mita 1 na urefu wa mita 2.2, kwa hiyo njia iwe sentimita 240 na mlango uwe na uwazi wa sentimita 120 au zaidi. Mteremko usizidi sentimita 5 kwa kila mita. Ukilazimika kupanda hadi 1 kwa 12, weka vishikio pande zote mbili na sehemu tambarare ya kupumzikia kabla mteremko haujafika mita 9.

Sakafu inastahili umakini kuliko mimea. Gurudumu la stendi ya dripu lina kipenyo cha sentimita chache tu. Likikuta ufa unaozidi sentimita 1, au tofali lililoinuka, linasimama ghafla huku mgonjwa akiendelea na hatua. Stendi inainama na mpira wa dripu unavutwa mkononi. Changarawe iliyomwagwa haifai kabisa kwenye njia. Tumia zege lililopigwa brashi likiwa bado bichi, au matofali ya kutandaza yenye kingo zilizonyooka, yaliyobanwa juu ya msingi ulioshindiliwa na kuzuiwa pembeni kwa ukingo wa zege; bila ukingo huo matofali hutawanyika na nyufa hufunguka. Zege jeupe huumiza macho wakati wa jua, kwa hiyo chagua kijivu cha kati au rangi ya udongo. Epuka mistari myeusi na vivuli vya nguzo vinavyokata njia vipande: mgonjwa mwenye tatizo la kumbukumbu huviona kama mashimo, husimama, na hatavuka.

Benchi liwe na kimo cha sentimita 45 hadi 48, mgongo, na mikono inayofika hadi ukingo wa mbele wa kiti, kwa kuwa hapo ndipo mtu dhaifu anapojisukuma ili ainuke. Kando yake pabaki nafasi ya sentimita 90 kwa kiti cha magurudumu, ndugu wakae bega kwa bega. Benchi la kwanza lionekane kutoka mlangoni, na yanayofuata yasiachane zaidi ya mita 10 au 15.

Kuhusu uwiano, wabunifu wa bustani hizi hulenga sehemu saba za kijani kwa tatu za sakafu ngumu. Mimea yenye sumu ikae nje ya ukuta kabisa: oleanda, thevetia, datura, mbarika, lantana, na mnyaa ambao utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kuharibu uwezo wa kuona. Harufu ipangwe kwa busara. Tibakemikali huweza kufanya harufu iliyopendwa jana ichefue leo, kwa hiyo asumini na mlangilangi visipandwe kando ya viti. Mrehani, mchaichai na rozmari vinafaa zaidi, kwa kuwa havitoi harufu nyingi mpaka vifikichwe, na mgonjwa ndiye anayeamua.

Chemchemi ndiyo inayoombwa kuliko kitu chochote. Bakteria wa Legionella, wanaosababisha homa kali ya mapafu, hustawi kwenye maji yenye joto la nyuzi 20 hadi 45 na huingia mapafuni kwa matone madogo yanayorushwa hewani. Maji yateleze juu ya jiwe bila kuruka, pampu isizimwe kwa siku kadhaa maji yakituama, na mtu mmoja kwa jina apewe kazi ya kusafisha na kupima klorini. Kama hakuna wa kupewa kazi hiyo, achana na chemchemi. Majani yanayopeperuka na ndege vitatosha.

## Ua wa ndani

*Kuona na kufika.* Hapa ndipo ua unapoyazidi machaguo mengine. Wodi za pande zote zinauona, mlango upo hatua chache kutoka kitandani, na muuguzi anaweza kumwangalia mgonjwa akiwa kwenye meza yake. Gharama ya ukaribu huo ni faragha. Aliye uani anatazamwa kutoka madirisha yote, na aliye kitandani ghorofa ya chini anatazamwa na kila anayepita. Dawa yake ni tuta la upana wa mita 1.5 hadi 2 chini ya madirisha, lenye vichaka visivyozidi kimo cha kingo, na viti vielekezwe katikati ya ua, visielekezwe vioo vya wodi. Ua mwembamba kuliko mita 8 hauna nafasi ya matuta hayo pande zote mbili pamoja na njia; afadhali uwe wa kutazamwa tu.

*Usalama.* Hakuna gari, hakuna anayepotea, na watoto hawatoroki. Hatari iko kwenye udongo ulio karibu na madirisha yaliyo wazi. Matandazo ya magome na mboji ambayo haijaiva yasitumike. Kokoto safi juu ya udongo karibu na madirisha hufanya kazi hiyo hiyo ya kuzuia magugu na kutunza unyevu. Hatari kubwa kabisa ni wakati wa ujenzi. Kuchimba hurusha vumbi lenye spora, kwa hiyo timu ya kudhibiti maambukizi ikubali kwa maandishi kabla ya jembe la kwanza: madirisha yafungwe na kuzibwa kwa karatasi za plastiki, udongo uloweshwe kabla ya kuchimbwa, vifusi vitolewe vimefunikwa, na wagonjwa wenye kinga dhaifu wahamishwe upande mwingine wa jengo.

*Ujenzi na maji.* Mlango usio na kizingiti ni wa lazima kwa viti vya magurudumu, na ndio huo huo unaokaribisha mvua wodini. Weka mfereji wenye wavu mbele ya mlango kwa upana wake wote, sakafu iteremke sentimita 2 kwa mita kuelekea mbali na jengo, na pawe na vitoleo viwili vya maji, maana kimoja kitazibwa na majani siku ya mvua kubwa. Tafuta michoro ya zamani: chini ya nyua nyingi hupita mabomba ya majitaka na nyaya. Miti ya jamii ya mtini isipandwe hapo hata kidogo, kwani mizizi yake hufuata maji hadi ndani ya bomba.

*Jua, upepo na kelele.* Ua ambao upana wake ni mdogo kuliko kimo cha kuta hupata jua la moja kwa moja saa chache tu, hivyo panda mimea ya kivulini na usahau nyasi. Upepo ni mdogo, jambo jema kwa mgonjwa na baya kwa joto. Sauti hudunda: mazungumzo ya watu wawili husikika ghorofa ya tatu, na mashine za viyoyozi zilizotundikwa ukutani hugeuza mahali pa utulivu kuwa chumba cha mitambo. Zihamishwe kwanza, au hesabu ya gharama ifanywe upya.

*Matunzo.* Eneo ni dogo na maji ni machache. Lakini kila gunia la udongo, kila tawi lililopogolewa na kila ngazi hupita kwenye korido za wagonjwa, isipokuwa kuna mlango wa huduma. Pasipokuwa nao, weka kabati la vifaa na koki ndani ya ua wenyewe, takataka zitoke kwenye mapipa yenye vifuniko, saa ambayo hakuna chakula wala vifaa vya upasuaji vinavyopita.

*Unawafaa* wagonjwa waliolazwa muda mrefu, wazee wenye matatizo ya kumbukumbu, watoto, na waliotoka upasuaji wanaoanza kutembea hatua ishirini.

## Uwanja wa nje

*Kuona na kufika.* Uwanja una nafasi na una udhaifu mmoja mkubwa: umbali. Kila mita inayoongezwa kati ya mlango na benchi la kwanza humwondoa mgonjwa dhaifu zaidi kwenye orodha. Njia ya kwenda huko ikiwa haina paa, mvua na jua huwaondoa wengine. Wanaonufaika zaidi ni wale ambao kamati huwasahau: ndugu wanaosubiri majibu, wagonjwa wa nje, na wahudumu waliomaliza zamu ngumu. Tengeni kona moja ya wahudumu isiyoonekana kutoka njia kuu. Muuguzi aliyekaa mbele ya wagonjwa wake hajapumzika.

*Usalama.* Mzunguko uwe wa njia moja inayorudi ilikoanzia, ili anayechanganyikiwa asifike mwisho uliofungwa. Uzio ufichwe na vichaka, lango liwe moja, na kitufe cha kuita msaada kiwe mahali aliyeanguka anaweza kukifikia akiwa chini. Acha ukanda wazi wa nusu mita kati ya njia na vichaka vinene, kwa ajili ya nyoka. Na tarajia wavuta sigara: bila uamuzi wa wazi na mtu wa kuusimamia, watachukua benchi lenye kivuli kizuri kuliko yote.

*Ujenzi na maji.* Kwa kila mita ya mraba, hili ndilo chaguo la gharama ndogo, kwa kuwa ardhi ndiyo inayobeba uzito. Tatizo ni kwamba viwanja vya hospitali mara nyingi ni vifusi vya ujenzi vilivyofunikwa udongo kidogo. Pima kabla ya kununua miche: chimba shimo la sentimita 30 kila upande, jaza maji, yaache yaishe, jaza tena. Maji ya mara ya pili yakishuka kwa kasi isiyofika sentimita 2.5 kwa saa, mizizi itaoza. Lima kwa kina, changanya mboji iliyoiva, au inua matuta. Miti ikae mita 2 hadi 3 kutoka njiani, la sivyo mizizi itainua sakafu na kurudisha ule ufa unaonasa magurudumu. Mti wa kivuli huchukua miaka, kwa hiyo jenga kivuli cha nguzo na mtambaa sasa, mti utakuja kukipokea kazi.

*Jua, upepo na kelele.* Jua ni tele na hewa inapita. Barabara ikiwa karibu, usitegemee vichaka kuzuia kelele: vinaficha magari machoni, masikioni bado yapo. Kinachozuia sauti ni kitu kizito kisicho na matundu, ama ukuta, ama tuta kubwa la udongo lililorundikwa kati ya barabara na viti.

*Matunzo.* Gari la mizigo linafika, wa kujitolea wanaweza kuja bila kupita wodini, na anayejifunza ana mahali pa kukosea. Ila eneo kubwa hula saa nyingi. Nyasi ndizo ghali: hukatwa mara kwa mara kwa mashine yenye kelele chini ya madirisha ya wagonjwa. Zibaki pale zinapokaliwa tu. Pengine pote weka mimea inayofunika ardhi.

*Unawafaa* wagonjwa wa mazoezi ya viungo, afya ya akili walio katika hatua ya kupata nafuu, familia, na wahudumu.

## Paa

*Kuona na kufika.* Paa la ghorofa ya kumi linalofikiwa kwa lifti na paa la jengo fupi lililo sawa na sakafu ya wodi ya ghorofa ya pili ni vitu viwili tofauti. La pili linaweza kushinda ua: mgonjwa anatoka mlangoni moja kwa moja na wodi za juu yake zinaliona. La kwanza linategemea lifti inayoingiza kitanda, yenye umeme wa akiba. Lifti ikiharibika Ijumaa, bustani imefungwa hadi itengenezwe, na hata mtunza bustani hafiki.

*Usalama.* Hatari ya mtu kujitupa isifichwe kwa lugha laini. Ukuta wa sentimita 110 unatosha kuzuia kuanguka kwa bahati mbaya, hautoshi kumzuia anayekusudia. Kimo na aina ya kizuizi iamuliwe na wataalamu wa afya ya akili pamoja na mhandisi. Benchi, masanduku ya kupandia na shina lolote linalopandika vikae mbali na ukingo. Jambo la pili hugunduliwa kwa kuchelewa: hewa inayotolewa kutoka vyumba vya kutenga wagonjwa na maabara hutokea paani. Mhandisi aonyeshe kila bomba la hewa kwenye ramani kabla benchi halijapewa mahali. Njia za kutokea wakati wa moto ziwe mbili.

*Ujenzi na maji.* Anza na uzito. Paa ambalo halikukusudiwa kukanyagwa na watu mara nyingi limepigiwa hesabu ya kilo 100 hivi kwa mita ya mraba, au pungufu. Udongo mwepesi wa kutengeneza, ukilowa, una takriban kilo 12 kwa kila sentimita ya kina kwa mita ya mraba. Udongo wa kawaida hufika 18 hadi 20. Kina cha sentimita 10, kinachotosha mimea minene ya ukame, tayari ni kilo 120. Vichaka hutaka sentimita 30 hadi 45, kwa hiyo kilo 360 hadi 540, na mti mdogo hutaka karibu mita nzima. Juu ya hapo waongezwe watu, ambao wahandisi huwahesabia kilo 400 hadi 500 kwa mita ya mraba panapoweza kujaa. Ndiyo maana paa la zamani mara nyingi huishia na masanduku juu ya nguzo na mihimili, katikati pakibaki njia.

Tabaka zifuatane hivi kutoka chini: utando wa kuzuia maji, kizuia mizizi, tabaka la kupitisha maji, kitambaa cha kuchuja, kisha udongo. Kabla ya udongo kupandishwa paani, ziba vitoleo, jaza maji ya kina cha sentimita 5, subiri saa 48 na ukague dari ya chini. Uvujaji ukigunduliwa baada ya kupanda, mtalazimika kuhamisha kila kitu, na chini kuna wodi. Kila kitoleo kiwe na kisanduku cha ukaguzi kinachofunguka bila kuchimba.

*Jua, upepo na kelele.* Utulivu, mandhari na faragha ya paani havipatikani kwingine. Upepo unakausha udongo wa kina kifupi kwa kasi, hurusha matandazo mepesi na kupindua miavuli. Vizuizi vyenye matundu ni bora kuliko ukuta mzima, ambao huzalisha mizunguko ya upepo nyuma yake.

*Matunzo.* Umwagiliaji wa matone wenye kipima muda ni lazima: siku chache bila maji kwenye udongo wa kina kifupi wakati wa joto zinaweza kumaliza mimea mingi. Vitoleo vikaguliwe kila mwezi na kabla ya kila msimu wa mvua.

*Linazifaa* hospitali za mjini zisizo na ardhi, na hasa majengo mapya. Khoo Teck Puat Hospital ya Singapuri, iliyofunguliwa 2010, ina bustani katika ghorofa kadhaa na mboga juu ya paa, kwa kuwa bustani ilipangwa pamoja na jengo.

## Ya kukaa au ya kulima?

Baada ya mahali linakuja swali hili, na mara nyingi hujibiwa kwa haraka mno. Bustani ya kukaa haidai chochote kwa mgonjwa. Ya kulima hutoa mazoezi ya mkono kwa aliyepata kiharusi, utaratibu wa siku kwa mgonjwa wa akili, na jambo la kungojea kwa aliyelazwa miezi. Lakini bila mtaalamu wa tiba ya kazi, anayemsaidia mgonjwa kurudia shughuli za kila siku, au muuguzi aliyepangiwa saa maalumu, masanduku ya kulimia hugeuka magugu ndani ya msimu mmoja, na magugu mbele ya wodi yanamwambia mgonjwa habari mbaya.

Ukiamua kulima, sanduku liwe na kimo cha sentimita 70 hadi 75, nafasi ya magoti chini yake, na kina cha kufikia kisichozidi sentimita 60 kwa upande mmoja au 120 likifikiwa pande mbili. Pawe na sinki la kunawia. Mifuko ya udongo ifunguliwe mbali na uso, udongo uloweshwe kwanza, glavu na barakoa zivaliwe, kwa kuwa udongo wa mifuko unaweza kubeba Legionella wa aina yake. Wenye vidonda vilivyo wazi, katheta ya mshipa mkubwa (mpira mwembamba ulioingizwa kwenye mshipa wa damu), au kinga iliyoshuka hawashiki udongo; hao wanafaa bustani ya kutazama, na isiwe bustani ya daraja la pili.

## Kazi za kila wiki

Miaka miwili ya kwanza ndiyo inayoamua. Kila asubuhi mtu apite njia nzima kabla ya wagonjwa: afagie majani mabichi na utelezi, aokote matunda yaliyoanguka, akague benchi zinazocheza. Kila wiki amwage maji yote yaliyotuama kwenye visahani na ndoo, kwa sababu mbu anaweza kutoka yai hadi kuruka ndani ya siku 7 hadi 10 za joto. Matandazo yabaki na unene wa sentimita 5 hadi 8, yakiwa umbali wa sentimita 10 kutoka shinani. Yakilundikwa shinani, gome huoza. Umwagiliaji uwe alfajiri na kwa matone, bila vinyunyizio vinavyorusha maji kwenye njia na hewani. Dawa za kuua wadudu zisipulizwe karibu na madirisha. Mmea unaougua kila msimu ung'olewe, upandwe mwingine.

## Kwa hali yako

Kama wengi wa wagonjwa wenu hawatoki kitandani, chagueni ua, au paa lililo sawa na sakafu ya wodi, na fedha ziende kwenye miti inayoonekana kutoka kwenye mto wa kulalia.

Kama madirisha ya wodi ya saratani au ya upandikizaji yanafunguka uani, acheni ua huo bila udongo mpaka madirisha yafungwe na hewa ichujwe. Bustani iende uwanjani, na wagonjwa hao wapewe mandhari kupitia kioo.

Kama hospitali ina ardhi lakini haina mtunza bustani wa kudumu, tengenezeni mita 150 za mraba karibu kabisa na mlango mkuu, miti na vichaka vigumu, bila nyasi, na pengine pabaki kama palivyo. Kupanua kunawezekana mwaka wowote.

Kama ardhi hakuna na jengo ni la zamani, msinunue hata sanduku moja kabla ya mhandisi wa miundo kutoa namba ya kilo kwa mita ya mraba kwa maandishi. Namba ikiwa ndogo, angalieni vibaraza. Katika sanatoria ya Paimio nchini Ufini, iliyokamilika 1933, wagonjwa wa kifua kikuu walilala kwenye vibaraza vilivyotazama msitu wa misonobari, na hakuna aliyehitaji kushuka.

Kama idara ya afya ya akili ndiyo mtumiaji mkuu, uwanja wenye uzio au ua unatangulia paa, na wahudumu wa idara hiyo wakae mezani tangu mchoro wa kwanza.

Na kama jengo jipya bado lipo kwenye karatasi, ombeni vitu vinne kabla mkandarasi hajaanza: uwezo wa paa kubeba udongo na watu, koki na kitoleo cha maji kila mahali panapofikiriwa kuwa bustani, milango isiyo na vizingiti, na mlango wa huduma usiopita wodini. Kuviongeza baadaye kunamaanisha kubomoa huku wagonjwa wakiwa ndani.